Miwani inayobadilika rangi juani: haikolei, hairudi kuwa nyeupe, au imechoka?

Malalamiko huwa ni yale yale. "Nimeambiwa inageuka nyeusi juani, lakini nikiendesha gari haibadiliki." "Zamani ilikuwa inakolea sana, siku hizi ni kijivu tu." "Nikiingia ndani watu wananiuliza kwa nini nimevaa miwani ya jua." Nimeyasikia mara nyingi nikiwa nimeishika miwani ya mtu mkononi, na mara nyingi miwani yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inafanya kazi yake, ila mwenye nayo hakuwahi kuelezwa kazi hiyo ni ipi. Inaniuma kuona mtu anatupa lenzi nzima. Inaniuma zaidi kuona mwingine anavaa lenzi iliyokufa mwaka mzima huku akidhani macho yake ndiyo mabovu.

Kabla ya kuanza: kama jicho linauma, ni jekundu, au umeanza ghafla kutovumilia mwanga, acha kuichunguza miwani. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Fikiria ndoo iliyotoboka

Lenzi hizi huitwa fotokromiki. Neno hilo, lililotokana na maneno ya Kigiriki ya mwanga na rangi, lilianza kutumika mwaka 1950, nalo alilipendekeza mwanakemia Yehuda Hirshberg. Ndani ya lenzi ya plastiki kuna molekuli, nyingi zikiwa za jamii ya naftopirani, ambazo zikiwa zimetulia hazina rangi. Kila molekuli ina vipande viwili vilivyosimama kwa kupishana, vikiwa vimeshikana kwenye atomu moja ya kaboni. Mwale wa urujuanimno, ule unaoandikwa UV kwenye vibandiko, ukiipiga molekuli, kifungo kati ya kaboni hiyo na oksijeni hukatika. Kipande kimoja hujizungusha na molekuli nzima hulala bapa. Elektroni sasa zina njia ndefu ya kutembea, na molekuli huanza kumeza mwanga tunaouona kwa macho. Hapo ndipo lenzi inapokuwa na rangi.

Kurudi hakuhitaji giza wala swichi. Joto peke yake huirudisha molekuli ilivyokuwa, na hilo hutokea muda wote, hata ukiwa bado juani. Kwa hiyo rangi unayoiona ni kama kimo cha maji kwenye ndoo iliyotoboka chini: miale ya UV ndiyo bomba linalojaza, joto la lenzi ndilo tundu linalovujisha. Bomba likiwa dogo, maji hayapandi. Tundu likiwa kubwa, maji hayapandi hata bomba likifunguliwa lote. Na ndoo yenyewe ikichakaa, hakuna bomba litakaloisaidia.

Karibu kila tatizo hapa chini linaangukia kwenye moja ya hayo matatu: UV, joto, au uchakavu. Tunaanza na UV kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

Dalili: haikolei ndani ya gari

Sababu iliyo mbele ya zote ni kioo cha mbele cha gari. Kioo hicho ni tabaka mbili za kioo zilizobandikwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, ili kisitawanyike kikivunjika. Utando huo huzuia karibu miale yote ya UV. Mwanga unaouona ni mkali, macho yanafinya, lakini kwa lenzi ni kama jua halijachomoza. Lenzi ya kawaida ya fotokromiki haipimi ukali wa mwanga, inapima UV tu. Vioo vya pembeni mara nyingi huwa vya aina nyingine na hupitisha UV zaidi, kwa hiyo usishangae ukikuta lenzi ya upande wa dirisha imekolea kidogo kuliko ya upande wa pili. Kama vioo vimebandikwa karatasi ya kukinga jua, basi hata hiyo kidogo inapotea.

Hakikisha hivi: simamisha gari mahali salama, toka nje na miwani usoni, subiri dakika moja. Ikikolea, haina tatizo lolote. Usimwambie fundi aibadilishe, maana mpya ya aina ile ile itafanya vile vile.

Suluhisho ni mawili. La kwanza, na ndilo ninalolipendekeza kwa dereva wa kila siku, ni miwani ya jua ya kawaida yenye namba zako, ikae garini ndani ya kasha lake. La pili ni aina ya lenzi za fotokromiki zinazoitikia pia mwanga wa urujuani unaoonekana, sehemu ambayo kioo cha gari hakiizuii. Hizo hukolea kiasi nyuma ya kioo. Gharama yake ni kwamba hata ndani ya nyumba hubaki na kivuli chepesi cha rangi, na wapo wasiokipenda. Uliza uvae ya kuonyeshea kabla ya kuagiza.

Ndani ya nyumba karibu na dirisha mambo ni tofauti. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia UV yenye mawimbi mafupi lakini huachia sehemu kubwa ya ile yenye mawimbi marefu, na hiyo ndiyo inayoamsha lenzi. Mtu anayefanya kazi kando ya dirisha kubwa anaweza kukuta lenzi zake haziwi nyeupe kabisa mchana kutwa. Hiyo nayo si kasoro. Sogeza kiti.

Dalili: nje inakolea kidogo tu

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu sababu ni nyingi na zinafanana usoni. Zifuate kwa mpangilio.

Anza na kivuli. Kofia yenye ukingo mpana, mtandio uliosogezwa mbele, nywele zilizoanguka, hata paji la uso jua likiwa utosini, vyote huifunika lenzi. Tazama kama sehemu ya juu ya lenzi ni nyepesi kuliko ya chini. Ikiwa ndivyo, umepata jibu.

Kisha joto. Watu wengi hawaamini hadi waone: lenzi hizi hukolea zaidi siku ya baridi kuliko siku ya joto kali, hata jua likiwa lile lile. Tundu la ndoo hupanuka joto linapopanda. Vipimo vya kawaida vya lenzi hizi hufanywa lenzi ikiwa na joto la nyuzi 23, na rangi nzito unayoionyeshwa kwenye matangazo ni ya hali hiyo. Lenzi iliyo kwenye nyuzi 35, jasho likitiririka usoni, haiwezi kuifikia. Anayepanda mlima wenye theluji, kwa upande mwingine, atashangaa jinsi zinavyogeuka nyeusi, kwa kuwa bomba limefunguliwa mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye theluji inayorudisha UV, na tundu limezibwa na baridi.

Jaribio lake ni rahisi na ninalipenda kwa sababu linamaliza ubishi. Chukua bakuli jeupe, tia maji baridi ya kunywa, si ya barafu. Liweke juani. Laza miwani ili lenzi moja izame na nyingine ibaki juu ya ukingo, nje ya maji. Subiri dakika moja na nusu. Maji hayo machache hayazuii UV ya kutosha kuharibu jaribio. Kwenye lenzi nzima utaona ile iliyozama imekolea na kuwa ya moshi mzito, na mwenzake iliyo hewani ni nyepesi. Itoe majini, uishike juani: ndani ya muda mfupi inapauka mbele ya macho yako na kulingana na nyingine, ingawa jua halijapungua hata kidogo. Ukiona hivyo, molekuli zako ni nzima na tatizo lako ni joto. Anayekaa kwenye joto muda wote na anayehitaji giza la kutosha ahesabu kwamba atahitaji pia miwani ya jua ya kawaida.

Kama hata lenzi iliyo ndani ya maji baridi haikukolea vya kutosha, endelea.

Uliza umri wake. Lenzi ya plastiki inayovaliwa kila siku huanza kuonyesha uchovu baada ya miaka 2 hadi 3 hivi. Kila molekuli inapofunguka kuna nafasi ndogo oksijeni iishambulie, na iliyoshambuliwa hairudi tena kazini. Hazifi siku moja, hupungua taratibu, ndiyo maana mwenye miwani ndiye wa mwisho kugundua. Hakuna dawa, hakuna kupaka, hakuna kuchemsha. Tafadhali usichemshe. Maji ya moto hayafufui molekuli, yanapasua tu utando wa juu ya lenzi.

Swali ninaloulizwa hapa ni: mbona ile miwani ya zamani ya kioo ya mzee wangu bado inabadilika baada ya miaka yote hiyo? Ni kweli, na sababu yake ni nzuri. Lenzi za kioo zilivumbuliwa na Donald Stookey na William Armistead wa kampuni ya Corning ya Marekani katika miaka ya 1960, na hazina molekuli za kaboni. Zina fuwele ndogo mno za kloridi ya fedha, pamoja na shaba kidogo. UV hufanya shaba iipe fedha elektroni. Atomi za fedha hukusanyika na kioo hugeuka cheusi. UV ikiondoka, shaba huidai elektroni yake. Kwa kuwa vyote vimefungiwa ndani ya kioo kigumu, hakuna kinachotoroka wala oksijeni haifiki. Kioo hakichoki. Ni kizito tu, na kikivunjika kina hatari yake.

Sababu inayofuata ni nyongeza zilizowekwa juu ya lenzi. Baadhi ya utando wa kuzuia mng'ao au kuchuja mwanga wa bluu humeza sehemu ya miale ambayo lenzi inaihitaji. Kama miwani ni mpya na haikuwahi kukolea vizuri tangu siku ya kwanza, uliza ni utando gani uliowekwa, na kama unapatana na fotokromiki.

Ya mwisho, na ni nadra lakini hutokea: lenzi ulizopewa si fotokromiki. Hilo lipime kwa tochi ya UV, kama zile za kukagulia noti. Vua miwani, ilaze juu ya karatasi nyeupe, elekeza tochi mahali pamoja kwa nusu dakika. Doa la rangi likitokea, ni yenyewe. Usipime ukiwa umevaa, na usitazame mwanga wa tochi hiyo wala kuwaachia watoto waichezee. Hakuna doa hata kidogo kwenye lenzi mpya? Irudishe ulikoinunua pamoja na bahasha au kadi ya lenzi, iandikwe na ikaguliwe mbele yako.

Dalili: inachelewa kurudi kuwa nyeupe

Kukolea kwa sehemu kubwa huchukua kati ya nusu dakika na dakika moja. Kurudi huchukua dakika kadhaa, na mabaki ya mwisho ya rangi hung'ang'ania zaidi. Huo ndio mwendo wake wa kawaida, kwa sababu UV husukuma wakati joto husubiri.

Ikiwa inachelewa kuliko ilivyozoea, angalia kwanza kama umeingia kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali. Baridi huziba tundu. Ishike lenzi kati ya viganja vya mikono, kwa kitambaa laini, nusu dakika: joto la mwili linatosha kuiharakisha. Usitumie kikausha nywele wala jiko. Pili, angalia kama bado unapata UV dirishani. Tatu ni umri, maana lenzi iliyochoka hukolea kidogo na kurudi kwa uvivu.

Hapa kuna onyo ninaloliweka kwa herufi nzito moyoni mwangu. Ukitoka kwenye jua kali na kuingia ghafla kwenye handaki au maegesho ya chini ya jengo, lenzi zako zitabaki nyeusi wakati macho yanahitaji kila chembe ya mwanga. Punguza mwendo kabla ya kuingia, na kama barabara inaruhusu uwe na miwani ya pili, nyeupe, karibu. Kwa usiku, viwango vya kimataifa havipendekezi kuendesha gari na lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 ya mwanga. Lenzi ya zamani iliyobaki na kivuli cha rangi inaweza kuwa chini ya hapo bila wewe kujua. Mtaalamu wa miwani ana kifaa cha kupima hilo kwa dakika moja. Usiendeshe usiku hadi ipimwe.

Dalili: lenzi mbili hazilingani, au kuna mabaka

Mara nyingi lenzi moja ilibadilishwa baada ya kuvunjika na nyingine ni ya zamani. Mpya itakolea zaidi, na hakuna namna ya kuzilinganisha isipokuwa kuzibadilisha zote mbili. Ndiyo maana lenzi hizi huagizwa kwa jozi, na ukishauriwa hivyo usidhani unaibiwa.

Kwenye lenzi za kioo, namba kubwa huleta tofauti nyingine: dawa ya rangi imo ndani ya kioo chote, kwa hiyo penye unene panakolea zaidi. Mwenye namba kubwa za kutoona mbali ataona kingo nyeusi kuliko katikati, na mwenye namba kubwa za kutoona karibu ataona kinyume chake. Lenzi nyingi za plastiki hubeba molekuli kwenye tabaka jembamba la juu, nazo hukolea sawasawa. Kwa hiyo mabaka kwenye plastiki ni dalili ya kweli.

Yapime kwa utepe wa kitambaa cheusi. Ulaze katikati ya kila lenzi, miwani ikiwa juani juu ya karatasi nyeupe, dakika moja. Ondoa utepe na uingie haraka kivulini. Lenzi nzima inaonyesha mstari mweupe wenye kingo zilizonyooka, kama alama ya saa kwenye mkono uliochomwa na jua. Ilipochoka, mstari hauonekani vizuri. Piga picha papo hapo kabla haujafutika, maana picha hiyo ndiyo ushahidi wako ukienda kudai dhamana.

Dalili: imekuwa ya njano, au inapita zambarau ikibadilika

Njano isiyoondoka hata ikilala gizani usiku mzima ni uchovu wa molekuli. Kabla ya kuhukumu, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kwani mafuta ya ngozi na krimu ya jua huacha utando wa njano pia.

Zambarau au ukijani unaopita kwa muda ni kitu kingine. Ili kupata kijivu au kahawia, viwanda huchanganya molekuli za rangi mbalimbali, na kila aina ina mwendo wake wa kurudi. Moja ikitangulia, rangi ya nyingine huonekana peke yake kwa dakika chache. Acha ilivyo.

Dalili: nyufa nyembamba kama utando wa buibui

Hili ni joto au kemikali, na halina marekebisho. Miwani iliyoachwa juu ya dashibodi kwenye gari lililofungwa juani hupata joto linalopita nyuzi 60 kwa urahisi: plastiki hupanuka, utando wa juu haupanuki sawa nayo, unapasuka. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha na dawa ya kupulizia nywele hufanya uharibifu wa namna hiyo. Usisugue kwa dawa ya meno ukitarajia kuzilainisha. Lenzi ya kioo iliyomeguka au yenye ufa, iache kuvaliwa leo hii, vipande vyake viko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho.

Dalili: lenzi imekolea lakini macho bado yanaumia

Sitisha majaribio yote. Lenzi ikipita vipimo vya hapo juu na jicho bado halivumilii mwanga, tatizo halimo kwenye miwani. Kuvimba ndani ya jicho, kidonda kwenye konea na presha ya jicho iliyopanda ghafla vyote vinaweza kuanza kwa mtu kulalamikia jua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama kuna wekundu pamoja na maumivu, uoni uliofifia, duara za rangi kuzunguka taa, kichefuchefu, mimweko ya mwanga au pazia jeusi upande mmoja wa uoni. Usisubiri lenzi mpya, wala usitulize macho kwa lenzi nyeusi zaidi.

Na kwa wenye macho mazima: lenzi hizi, hata zikikolea kiasi gani, si za kutazamia jua wakati wa kupatwa, si za kuchomelea vyuma. Mwanga wa namna hiyo huunguza retina bila maumivu yoyote wakati unaungua.

Ukienda kwa mtaalamu wa miwani, beba kadi au bahasha ya lenzi, tarehe ulipoanza kuivaa, picha ya jaribio la utepe, na umweleze lenzi ilifanya nini ndani ya bakuli la maji. Maelezo hayo manne yatamwokoa na nusu saa ya kubahatisha, nawe yatakuokoa na lenzi usizozihitaji.